Buni Imeshaliwa

Mlioniuliza juma zima kama Gumato alimeza au alitema, jibu lenu hili hapa: alimeza. Alimeza vizuri kabisa, akafuta mafuta midomoni kwa mgongo wa mkono, na akasema asante.

Ndipo Mzee Zakaria, yule mgeni wa ndevu za hina, akajipangusa mikono na kusema, "Alhamdulillahi. Sasa nina mkwe."

Gumato alicheka. Ndiyo, alicheka maskini, akidhani mzee anatania. Akawatazama waliokaa mkekani mmoja mmoja akitafuta mwenzake wa kucheka naye. Hakumpata.

"Mkwe gani?" akauliza.

"Wewe," akasema ami yake, Dabaso. "Jilo, mwana wa Mzee Zakaria, amekuposa. Na buni umeila mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mashahidi. Hongera, mwanangu."

Kwa wewe uliyechelewa kufika mkekani, sogea nikwambie haraka, maana mtoto wa watu yuko matatani.

Gumato ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Nairobi, anasomea mambo ya maji na umwagiliaji. Chuo chake kinabadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Uholanzi: wao wanaleta wao, sisi tunapeleka wetu, muhula mmoja, kisha kila mtu kwao. Mwaka huu wa tisini na nane jina lililotoka ni lake. Akaja nyumbani kuaga baada ya Idi, na mafuriko ya Elnino yakamfungia hapa ng'ambo ya mto Tana, mji wa Garsen anauona kwa macho tu. Barabara imemezwa. Ng'ombe wamehamishiwa kwenye ardhi iliyoinuka.

Lakini Gumato ana rafiki. Florence, waliyesoma naye sekondari, anagawa chakula cha msaada pale Garsen, na amemwombea kiti kwenye helikopta inayorudi Malindi leo alasiri. Kiti kimoja. Akikikosa, ndege ya Jumapili itaondoka Nairobi bila yeye, na nafasi yake ya Uholanzi atapewa mwingine. Hilo ndilo lililo mbele yetu leo.

Sasa buni. Waorma wakimwombea msafiri, hukaanga buni, punje za kahawa na maganda yake, zikapasuka, wakazitafuna pamoja na kumtakia njia nyeupe. Na wakiposa, pia hukaanga buni. Sufuria ni ile ile, mkeka ni ule ule, hata wazee ni wale wale. Tofauti ni maneno yanayosemwa kabla ya kula, na maneno hayo Dabaso aliyasema Gumato alipotumwa kuchota maji. Mtu gani huyo, jamani. Ningekuwa karibu ningemwambia.

"Ami," Gumato akasema, "mimi nilidhani ni dua ya safari."

"Ni dua. Ndoa nayo ni safari."

"Nina kiti cha leo."

"Jilo akirudi kutoka Hola mtaongea habari za viti."

Gumato akainuka. Mzee Zakaria akakunja uso, akamgeukia Dabaso.

"Uliniambia binti anajua."

"Si umemwona akila?"

"Nimemwona akila. Sasa namwona amesimama."

"Haya ya kusimama amefunzwa Nairobi," Dabaso akasema. "Keti, Gumato. Unakwenda Uholanzi kusoma nini? Maji. Haya yaliyotuzunguka miezi mitatu ni nini, maziwa? Mwalimu gani atakufundisha maji kuliko haya?"

"Ami, nchi yao iko chini ya bahari na hawazami. Sisi tuko juu ya bahari na mto ukifura tunabeba ndama mabegani. Nataka nikaone wanafanyaje."

Mzee Zakaria akasahau hasira kidogo. "Chini ya bahari? Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe wanao, Mzee, na wana maziwa kupita wetu. Bahari wameizuia kwa kuta za udongo."

"Subhanallah," akasema Mzee Zakaria, na ningeweza kuapa kwamba alitaka kuuliza zaidi, ila Dabaso alimkatiza.

"Na usiporudi? Yurub wa jirani yetu alikwenda Ulaya, akasema mwaka mmoja. Mama yake tumemzika akiuliza kama kuna salamu. Mimi ndugu yangu aliniachia binti mmoja, sitaki kuulizwa akhera nilimpoteza wapi."

Nitamtendea haki Dabaso: hapo hakuwa anadanganya. Sauti ilimtetemeka, na Gumato mwenyewe aliisikia. Mtu anaweza kukuhadaa asubuhi na bado akawa anakupenda, na hilo ndilo linalochosha zaidi.

Ni hapo ndipo mama yake Gumato alipotoka jikoni.

Abdia hasemi sana. Ni mjane wa mwaka wa saba sasa. Tangu mumewe afariki, Dabaso anataka kumrithi, kama desturi inavyomruhusu ndugu kumuoa mjane wa ndugu yake, na kila akituma watu, Abdia anawapa chai, anawasikiliza, na kuwarudisha na jibu lile lile: hataki. "Nalala peke yangu na nalala vizuri," ndivyo anavyowaambia wanawake wenzake kisimani. Dabaso analijua neno hilo, limemfikia.

Abdia alikuwa ameshika mkebe wa bati mkono mmoja, na kibuyu mkono wa pili.

"Mzee Zakaria," akasema, "nikuulize kama mpishi. Buni ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri, Mama Gumato."

"Sema kweli. Uko nyumbani kwa watu."

Mzee akajilamba midomo. Akafikiri. "Kusema kweli ilikuwa nyepesi. Samli ya nyumba hii naijua tangu marehemu yuko hai, inakaa ulimini. Hii ilipita tu."

"Haikuwa samli," akasema Abdia, akauweka ule mkebe katikati ya mkeka. "Nimeikaanga kwa mafuta ya msaada. Yale yanayoletwa na helikopta."

Mzee mmoja akatema buni yake pembeni, kwa adabu, kiganjani.

Msishangae. Katika ukoo wa Gumato, buni ya posa hukaangwa kwa samli ya nyumba ya binti, samli aliyoisukasuka mama yake kwa mkono wake. Siku hiyo mama haulizwi kitu. Akiitoa samli yake, amekubali. Asipoitoa, hakuna posa, hata mle gunia zima la buni.

Dabaso alikuwa ameinuka. "Samli nilikupa mimi mwenyewe jana. Kibuyu kizima."

"Ulinipa, shemeji. Hiki hapa." Abdia akakiinua kile kibuyu, kifuniko chake cha ngozi kikiwa bado kimefungwa kwa fundo. "Ni samli ya ng'ombe wako, si ya ng'ombe wangu. Na hata ingekuwa yangu, sikuitoa."

"Umenivunjia heshima mbele ya wageni."

"Wewe umemlisha mwanangu ndoa bila yeye kujua. Sasa tuhesabu nani kavunja nini?"

Watu wakamtazama Mzee Zakaria, kwa sababu sasa neno lilikuwa lake. Angeweza kukasirika. Angeweza kusema yameshapita, mafuta ni mafuta. Yeye akavaa viatu vyake vya ngozi, kimoja baada ya kingine, akachukua fimbo yake.

"Mimi nimekuja kuposa kwa samli," akasema. "Siwezi kwenda kumwambia mwanangu nimemletea mke wa mafuta ya mkebe. Dabaso, hakuna posa hapa. Nimekula staftahi."

Gumato hakungoja asikie la pili. Aliingia ndani, akanyakua begi, akatoka mbio hadi ukingo wa maji, pale mtumbwi wa Danson ulipokuwa umefungwa kwenye kigogo. Moyo ulikuwa mwepesi hata akasahau kuaga. Jua lilikuwa limepita utosini, na saa moja ya mtumbwi ingetosha kumfikisha Garsen.

Danson ni Mpokomo wa kijiji cha jirani, amevusha watu mto huu tangu akiwa hajaota ndevu. Alikuwa amekaa kwenye mtumbwi akila muhogo wa kuchemsha.

"Kaka Danson, twende."

Danson akatafuna, akameza, hakuinuka. "Dada Gumato, siwezi."

"Huwezi nini? Wewe hukuniahidi jana?"

"Jana niliahidi. Leo asubuhi ami yako akapita hapa, akasema nisivushe mtu wa nyumba yake bila neno lake. Mimi mashamba yangu yote yako chini ya maji. Nikigombana na Waorma wa upande huu nitaishi wapi? Mlete yeye aseme mwenyewe."

"Danson, ile helikopta hainingojei."

"Najua. Nisamehe."

Haya, niambieni. Mtu ametoka kwenye buni, amenasa kwenye mtumbwi. Gumato akatazama maji. Kwenye mbuga yalikuwa ya kiuno, kwenye mto wenyewe hakuna aliyejua kina chake, na juzi mamba alikuwa amechukua mbuzi pale pale kwenye kigogo. Akakaa juu ya begi lake na akalia. Alilia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja, akamtukana Danson kimoyomoyo na akamtukana Elnino kwa sauti.

Alipomaliza kulia alirudi kumwangukia ami yake miguuni. Alikuwa ameshaamua. Angemwahidi chochote.

Hakumkuta mkekani. Wageni walikuwa wamejitenga kivulini, wakinywa chai. Dabaso na Abdia walikuwa nyuma ya zizi la ndama, wamesimama mbalimbali kama inavyompasa mtu na shemeji yake, na Mzee Zakaria kasimama kati yao na fimbo yake. Gumato hakusikia walichokuwa wakisema. Alimwona mama yake akitikisa kichwa mara moja, kwa kukubali, kisha akamwona ami yake akipitisha kiganja usoni.

Dabaso alikuja moja kwa moja hadi alipo. Uso wake ulikuwa umelegea, na hilo lilimtisha Gumato kuliko ukali.

"Nenda," akasema.

"Niende wapi?"

"Uholanzi. Si ndiko unakokutaka? Danson nitamwambia mimi. Nenda usome hayo maji, muhula ukiisha urudi."

"Ami, kweli?"

"Kweli. Mimi si mtu mbaya, Gumato."

Sikilizeni, mimi nina umri. Mtu aliyekunyima kitu asubuhi akakupa mchana bila kuombwa, mtazame mikono. Lakini Gumato alikuwa na miaka ishirini na mmoja na kiti kimoja cha helikopta. Akambusu ami yake mkono na kumkimbilia mama yake.

Abdia alikuwa amekifungua kile kibuyu. Akachota samli kwa vidole viwili, akampaka binti yake utosini, kwenye viganja vya mikono, na nyuma ya masikio.

"Hii ndiyo dua ya safari," akasema. "Ile nyingine uisahau."

"Umemwambia nini, mama?"

"Nimemwambia maneno ya watu wazima. Umebeba sweta?"

"Mama."

"Florence alisema huko kuna baridi ya kukata masikio. Umebeba?"

"Nimebeba. Njoo unisindikize mpaka kwenye maji."

"Sitakuja. Nikija nitalia, na wewe utalia, na Danson atachelewa." Akamshika binti yake mashavu mawili, akamtazama muda mrefu. "Ukifika, soma. Usikae kuuliza habari za huku. Za huku nitazimaliza mimi."

Gumato alikuwa na haraka, na haraka haina macho wala masikio. Alimkumbatia, akanusa moshi na samli kwenye shuka lake, akaenda. Alipogeuka kupunga mkono, mama yake alikuwa ameshaingia ndani.

Mtumbwini alimkuta Mzee Zakaria ameshakaa mbele, fimbo mapajani, kanzu ameikunja isilowe.

"Na mimi navuka," akasema mzee. "Usiogope, sikufuati wewe. Habari ya mkwe imekwisha."

Danson akausukuma mtumbwi kwa upondo, ule mti mrefu unaogusa chini. Walipita mbugani juu ya mahali ambapo Gumato alizoea kuchunga ndama akiwa mdogo. Vilele vya vichaka vilitokeza majini, na siafu walikuwa wamejirundika juu yavyo wakisubiri maji yapungue. Mzee Zakaria alikuwa na maswali ya Uholanzi. Hizo kuta za udongo hujengwa na nani? Zikipasuka analaumiwa nani? Na nyasi za ng'ombe hao, je, hazina chumvi? Gumato alijibu alichokijua na kukisia asichokijua. Alianza kumpenda huyu mzee. Kama si vile alivyomjia, angekuwa baba mkwe mzuri wa mtu mwingine.

"Na wewe Garsen unafuata nini, Mzee?" akamuuliza. "Si ungerudi kwako kwa njia ya juu?"

"Namfuata sheikh wa msikiti. Mtumbwi huu huu utarudi naye kabla ya magharibi."

"Kuna maziko?"

"Maziko? La, Mungu apishe mbali. Ni nikaha." Mzee akamtazama, akaona uso wake. "Kwani hukuambiwa?"

"Nikaha ya nani?"

Danson aliacha kusukuma. Maji yakapiga ubavu wa mtumbwi.

"Si ya Jilo," mzee akasema taratibu. "Jilo hayumo tena. Ni mama yako na Dabaso."

"Mama yangu hamtaki Dabaso. Dunia nzima inajua."

"Leo amemkubali. Nilikuwepo, masikio yangu yamesikia. Dabaso alisema wewe hutavuka maji haya ng'o, posa au bila posa, kwa sababu mtumbwi ni mmoja na Danson anamsikiliza yeye. Mama yako akamuuliza anataka nini. Akasema, unajua ninachotaka tangu miaka saba. Basi mama yako akasema sawa, Gumato aondoke leo, na sheikh aje leo. Mimi nikawekwa shahidi." Akakohoa. "Nilidhani amekuaga kwa hilo. Naapa nilidhani unajua."

Samli ya utosini ilikuwa imeyeyuka kwa jua, inamtiririkia shingoni. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kujikuna ngozi itoke: alikuwa ameulizwa habari ya sweta, akajibu habari ya sweta, akaondoka anatabasamu.

"Danson," akasema, "geuza."

"Dada, tumeshafika mtoni. Garsen ile pale."

"Nimesema geuza. Nikirudi, hakuna makubaliano. Sharti lake ni mimi niondoke."

"Usigeuze," akasema Mzee Zakaria. "Gumato, sikia. Ukirudi umempotezea mama yako alichokinunua. Yeye amekubali kwa ulimi wake, mtu mzima, na mimi nimempa Dabaso neno langu kwamba nitamleta sheikh. Leo nimeshaaibika mara moja, inatosha."

"Mama hakukubali, Mzee. Amebanwa."

"Basi ukifika mwambie sheikh."

"Na sheikh akikuuliza wewe shahidi, utasema nini?"

Mzee alikuwa mtu wa kweli, na kweli aliyoisikia ilikuwa ile ya neno "sawa".

"Danson."

Danson alikuwa ameshauweka upondo chini na kuchukua kafi, kasia lake la mkono, maana walikuwa wameingia kwenye mkondo wenyewe, na hapo mtu hapigi upondo. Aliizamisha kafi kwa nguvu, mshipa wa shingo umemsimama. "Mambo yenu mimi siyaingilii. Dabaso aliniambia: mpeleke binti, mlete sheikh. Nikufikishe, nimchukue, nirudi, nilale. Kesho mkitaka kugeuzana mgeuzane, bora nisiwemo."

Ndipo wakaisikia. Kwanza ilikuwa mvumo mdogo upande wa kusini, kisha ikaonekana, helikopta nyeupe, ikija juu ya miti ya mikoma moja kwa moja kuelekea Garsen. Watu walikuwa wameanza kukimbia ukingoni kule ng'ambo. Kati yao Gumato alimwona mtu wa fulana ya manjano akipunga mikono yote miwili, akamjua kuwa ni Florence. Kiti chake kilikuwa kinatua.

Najua mlivyo. Mmoja wenu anasema, aende, mama yake amelipa, asimharibie. Mwingine anasema, arudi, muhula ni nini mbele ya mama. Na Gumato aliyasikia yote mawili, yote mawili yalikuwa kichwani mwake yakipiga kelele. Akifika Garsen atapanda angani, na mtumbwi huu huu, kafi hii hii, itamrudisha sheikh kwa mama yake. Mtumbwi mmoja wa kumpeleka yeye Uholanzi na kumpeleka mama yake nyumbani kwa Dabaso. Aliutamani ule muhula mpaka meno yalimuuma. Alitamani hata ile baridi.

Akainuka.

"Keti, dada, utatupindua," Danson akasema.

Gumato hakuketi. Alipiga hatua moja, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia. Danson akaachia mkono mmoja akashika ukingo ili wasipinduke, na kwa mkono ule mwingine peke yake hakuweza kuishika kafi. Gumato aliishika kwa mikono miwili, akaing'oa, akaitupa mbali kwa nguvu zake zote za kuchota maji na kubeba ndama.

Kafi ilianguka kwenye mkondo, ikazunguka mara moja, na kwenda zake.

Danson alikuwa bado ameinua mkono.

"Ipo nyingine?" Mzee Zakaria akauliza.

"Haipo."

"Sheikh hafiki leo," akasema Gumato. Alikuwa anahema, na machozi yanamtoka bila yeye kuyajua.

"Na wewe je?" mzee akamuuliza.

"Na mimi sifiki."

Danson akaukamata upondo, akautumbukiza majini wima, akautumbukiza mpaka mkono wake ukaingia hadi begani. Haukugusa chini. Akauvuta, akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Mtumbwi ulikuwa umeshageuka ubavu na mto umeuchukua; Garsen ilianza kusogea, Florence akawa mdogo, fulana ya manjano tu, na wale watu ukingoni wakaacha kuitazama helikopta wakaanza kuwatazama wao. Wengine walikuwa wanakimbia sambamba nao wakielekeza mikono mbele.

Gumato aligeuka kuona wanachoonyesha. Chini kidogo, pale mto ulipobomoa kingo zake na kukata njia mpya kuelekea upande wa Kipini, kwenye bahari, maji yote ya Tana yalikuwa yanaingia kwenye mwanya mmoja, meupe kwa povu, na kelele yake ikaimeza ya helikopta.

"Danson," akasema, "pale panapitika?"

Danson alikuwa anavua shati. "Sijapata kumwona aliyepita."

Mzee Zakaria, ambaye hajawahi kujifunza kuogelea maishani mwake, aliitupa fimbo, akamshika Gumato mkono kwa nguvu, na akaanza shahada.